Feza ya miezi tatu, nyungu ya kila siku

KIPUSHI. — Siku ya malipo ya pansioni, mama huyu anaamuka mbele ya jogoo. Ananawa uso, anafunga kitambaa ku kichwa, anachukua mufuko wa plastiki wenye dosie yake, anatoka pole pole ili watoto wasiamuke. Mu ule mufuko muko karte ya uchaguzi, acte de décès ya bwana yake, acte de mariage, makaratasi ya kuzaliwa ya watoto wane, na attestation ya masomo ya kila mutoto.

« Minaendaka na yote, anatuambia njiani. Ju siku moja balinirudisha ku nyumba ju ya karatasi moja tu. Nililipa transport mara mbili. »

Hatutaji jina yake. Ni yeye alituomba vile, na mu cité watu wote wanajuana. Bwana yake alikuwa mufanyakazi wa mine. Alikufa kwa ugonjwa miaka ine iliyopita, akamuachia watoto wane: binti wa miaka 17, kijana wa miaka 14, binti wa miaka 10, na kadogo wa miaka 6. Tulimuendea juu ya swali moja lenye linaulizwa mu kamp zetu zote, wakati wa kilio, wakati watu wanarudi kwao na viti vinarudishwa: sasa huyu mama atakula nini na hawa watoto?

Jibu lake liko mu kaye moja ya masomo, yenye jalada ya bulu, na mu makopo tatu ya maziwa.

SIKU TISINI

Shida ya kwanza ya pansioni si udogo wake peke yake. Ni mwendo wake. Pansioni inalipwa kwa miezi tatu. Nyungu inapanda ku mbabula kila siku.

Tuchukue mufano, ili hesabu iwe rahisi. Mama anapata franka 300.000 kwa miezi tatu. Mu mikono inaonekana mingi. Ugawanye kwa siku 90: ni franka 3.333 kwa siku. Mu nyumba yenye watu watano, kila mutu ana chini ya franka 700. Na ile ni mbele ya kulipa masomo, makala, sabuni na dawa. Mwenye kusahau ile hesabu siku ya malipo ataikumbuka siku ya ishirini.

Sisi wenye tulikomea mu kamp, hatukufundishwa ile hesabu. Tunakumbuka posho. Unga, mafuta, samaki, nyama, vyote vilipimwa kufuatana na wingi wa watoto. Nyumba ilikuwa ya kampuni, hospitali ya kampuni, masomo ya kampuni. Mpaka leo mu Kiswahili yetu « posho » maana yake ni juma pia, kwa sababu juma zetu zilihesabiwa na ule unga. Kampuni iligawanya chakula pahali pa mama.

Kisha ikakuja miaka ya 1990. Kamoto ikaanguka mu 1990, mine ya Kipushi ikafungwa mu 1993, mishahara ikaanza kuchelewa. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa départ volontaire, kila mumoja na feza ya mara moja. Wengi wetu tuliona mu nyumba zetu wenyewe namna ile feza ilikwenda. Mwingine aliuza gari kisha mwaka mumoja. Mwingine alifungua duka, famille ikakula duka. Haikuwa ujinga. Mutu mwenye alizoea kupimiwa posho hakupata wakati wa kujifunza kujipimia.

Mine ya Kipushi imefunguliwa tena, na tangu 2024 inatoa zinki. Kazi imerudi kwa wengine. Lakini posho ya zamani haikurudi. Kwa hiyo hesabu ya mama huyu si ya wajane peke yao.

MAKOPO TATU

Kisha kupokea feza, mama huyu hapitie ku soko. Anarudi moja kwa moja ku nyumba, anafunga mulango, anaita binti yake mukubwa. Wanakaa wawili ku meza na kaye.

Kwa nini binti? « Siku nikigonjwa, ajue fasi feza iko na kazi yayo. Mi bwana yangu hakunionyeshaka kintu. Alikufa, nikabakia kama mugeni mu nyumba yangu. »

Kopo ya kwanza ni ya unga. Wengi wananunua bukari kwa meka, kila mangaribi meka moja, kwa sababu feza ya siku haitoshe mufuko. Lakini mwenye kuuzisha meka anatafuta faida yake mu kila meka. Mufuko wa kilo 25 unatoka bei rahisi kuliko meka zenye ziko ndani yake. Kwa hiyo mama huyu anaanza na mifuko. Na malipo yenye kuanguka wakati wa mavuno, kati ya mwezi wa ine na wa sita, anayatumia tofauti: ananunua mahindi ya kukauka, si unga. Anaweka mahindi juu ya mbao, mbali na ukuta juu ya unyevu, na kila juma binti anapeleka ya juma moja ku mashini ya kusaga.

Anafanya vile kwa sababu anajua miezi ya njaa. Tangu mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, mahindi ya mwaka uliopita yanaisha na ya mupya bado iko mu shamba. Sehemu kubwa ya unga wetu inatoka Zambia, na mvua ikikosa kule, ao mupaka ukikazwa, bei inapanda mu Katanga yote. Mufuko wenye kufichwa mu mwezi wa sita unaokoa nyumba mu mwezi wa pili.

Kopo ya pili ni ya masomo. Watoto wawili wadogo wako mu primaire ya serikali, na tangu 2019 pale hakuna minervali. Wanahitaji kaye, bik, na uniforme nyeupe na bulu. Wakubwa wawili wako mu secondaire, na kule wanalipa kwa tranche. Mwaka wa kwanza wa ujane, kijana alifukuzwa mara tatu. Mwaka wa pili, mama alienda mwenyewe kumuona préfet mbele masomo hayajafunguliwa. Alimuonyesha tarehe za pansioni, akaomba tranche zifuate zile tarehe. Préfet aliandika, akatia sini. Tangu siku ile mutoto hakurudishwa tena.

« Ukienda mbele, banakusikiliza kama muzazi, anasema. Ukingoja bamufukuze, banakusikiliza kama mudeni. »

Kopo ya tatu ni ya biashara, na juu yake kuna sheria moja kali: feza ya kuanzia haikuliwe. Inakuliwa faida tu. Mama huyu anatengeneza munkoyo. Mu mwezi wa tisa na wa kumi, wakati wa joto, wanaume wenye kutoka ku kazi wanasimama ku meza yake wakiwa na kiu, na ndoo zinaisha mbele ya mangaribi. Mu mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiingia, hakuna mutu anataka kinywaji ya baridi. Pale anaweka munkoyo pembeni, anauzisha karanga na mihogo.

Ni ile meza inanunua mboga, chumvi, mafuta na tomati. Pansioni inanunua unga, munkoyo inanunua mboga. Mara nyingi mboga inatoka mu lupangu yenyewe: lengalenga na matembele nyuma ya nyumba, zenye kunyweshwa na maji yenye ilioshea vyombo.

Tuliuliza kopo ya nyama iko wapi. Watoto wakacheka. Siku ya Yenga ananunua thomson moja, anaikata vipande vitano. Kichwa ni cha kadogo. Ni sheria ya nyumba, na hakuna mwenye kuijadili.

Juu ya makala pia kuna sheria. Makala ya kununua kidogo kidogo ku njia inakula feza kama meka ya unga. Anatafuta gunia nzima. Maharagi inalala mu maji usiku kucha, inaiva mbio. Nyungu inafunikwa. Moto unawashwa mara moja, unapika ya muchana na ya mangaribi.

JUMA YA SITA

Hata na makopo tatu, katikati ya miezi tatu kuna shimo. Mama huyu analijaza na likelemba. Wamama ni sita, wote wa avenue moja. Kila juma, kila mumoja anatoa franka 5.000, na mumoja anachukua 30.000. Wengi wanapigania kuwa wa kwanza. Yeye anaomba kuwa wa mwisho. Kwa hiyo zamu yake inaanguka juma ya sita, kisha juma ya kumi na mbili: wakati pansioni imeisha na ingine haijafika.

Kuwa wa mwisho ni hatari, tukamuambia. Wengine wakikimbia? Alijibu kwamba njo maana alichagua wamama wenye meza zao anaziona kila siku. Mwenye hana kazi ya mikono yake, hata akiwa rafiki, hawamuingize mu likelemba.

Hakujifunza yote hii kwa vitabu. Mwaka wa pili wa ujane, kadogo alishikwa na malaria kali usiku. Hospitali iliomba feza mbele. Mama alikimbilia kwa mukopeshaji wa banque Lambert, akachukua franka 50.000, akakubali kurudisha 75.000 kisha mwezi mumoja. Mutoto alipona. Lakini mwezi uliisha mbele pansioni haijafika, na deni likazaa deni lingine. Siku ya malipo, mukopeshaji alikuwa anangoja ku mulango.

« Nilihesabu ile feza yote mu mikono yake. Nikarudi na mufuko ya dosie tu. Ile miezi tatu, tulikula matembele mpaka batoto bakakataa hata kuiangalia. Njo nikauzisha radio ya baba yabo. »

Tangu siku ile, mu Biblia yake muko bahasha. Kila juma franka 1.000 inaingia, wakati mwingine 500. Haitoke juu ya nguo, haitoke juu ya kilio cha jirani, haitoke juu ya unité ya telefone. Inatoka juu ya ugonjwa tu. Na ikikosa kutosha, anaomba wenzake wa likelemba wabadilishe zamu mbele ya kufikiri juu ya banque Lambert. Watoto wote wanalala mu moskito.

FAMILLE ILIPOKUJA

Nyumba yenye wanaikala ni yao. Karibu aipoteze. Juma mbili kisha kilio, mashemeji walikuja, wakaomba makaratasi ya lupangu. Walisema nyumba ya ndugu yao ni ya famille.

Yeye alikuwa na kintu kimoja cha kuwajibu: acte de mariage ya komine. Miaka nyingi mbele, bwana yake alikuwa ameona kazi ile ni bure, mahari ilikuwa imelipwa, wazee walikuwa wamekubali. Yeye alilazimisha waandikishe. Ile karatasi moja njo ilimusimamisha.

Sheria iko wazi, na tunaiandika hapa kwa sababu wajane wengi hawaijue. Code de la famille ya 1987, yenye ilitengenezwa tena mu 2016, inagawanya urizi hivi: watoto wa marehemu wanapata robo tatu. Watoto wenye walizaliwa inje ya ndoa na baba aliwatambua akiwa muzima wako mu hesabu ile ile. Robo moja yenye kubakia ni ya mujane, ya wazazi wa marehemu, na ya ndugu zake. Na mujane ana haki ya kuendelea kuikala mu nyumba yenye aliikala na bwana yake.

Baba mukubwa mumoja, muzee wa famille, alisoma karatasi, akaambia wadogo wake waende. Mama huyu hakuvunja undugu. Siku kuu watoto wanaenda kumusalimia baba mukubwa, na binti anabebaka munkoyo. « Batoto ni babo pia », anasema. Lakini makaratasi ya lupangu haiko tena mu kabati.

MIAKA TATU YENYE HAIONEKANE

Tumefika sasa ku jambo lenye lilituleta kuandika.

Bwana yake alitumika miaka 19. Ile tatu ya mwisho alitumika kwa sous-traitant mumoja. Kila mwezi, ku bulletin de paie, kulikuwa mustari wa sécurité sociale: 5 % ya mushahara imekatwa. Alipokufa, na mama kupeleka dosie, ile miaka tatu haikuonekana. Feza ilikatwa, lakini jina halikufika kule lilipaswa kufika. Pansioni ikahesabiwa bila miaka ile.

Tufahamu vizuri namna inaenda. Kufuatana na masharti ya CNSS, yenye ilikuja pahali pa INSS ya zamani, mufanyakazi anakatwa 5 % juu ya pansioni, na mwajiri anaongeza 13 % yake mwenyewe: 5 % juu ya pansioni, 6,5 % juu ya watoto, 1,5 % juu ya hatari za kazi. Mwajiri njo anapeleka yote na majina ya watu wake. Mustari wenye kuandikwa ku bulletin unaonyesha kama feza ilitoka kwako. Hauonyeshe kama ilifika.

Mama huyu alipata bulletin saba tu mu kopo ya zamani ya biskuti, chini ya kitanda. Saba, mu miezi 36. Alizipeleka. Tangu miezi nane anangoja jibu.

Kwa hiyo, baba zetu wenye kushuka mu mine na wenye kupanda machine, wa kampuni kubwa na wa sous-traitant, tunawaomba mambo matano, na yote inafanywa mutu akiwa muzima.

Uliza numéro yako ya affiliation, uiandike fasi mama anaiona.

Uchunge kila bulletin de paie, hata ya mwezi wa kazi ya siku kumi. Usiifungie karanga.

Mara moja kwa mwaka, uende kuuliza kama miezi yako iko mu hesabu. Kosa lenye kuonekana mu mwaka ule ule linatengenezeka, kwa sababu mwajiri angali pale na wenzako wangali pale. Kisha kifo, mjane ataenda peke yake kutafuta kampuni yenye imebadili jina.

Andikisha ndoa yako ku komine. Mahari peke yake haisome ku biro.

Andikisha kila mutoto mu siku 90 kisha kuzaliwa. Ni bila kulipa. Mutoto mwenye hana acte de naissance hayuko mu dosie ya baba yake.

Tunajua wanaume wengi hawapende hizi habari. Kuzungumuza juu ya kifo ku meza kunaonekana kama kuiita. Lakini kila mumoja wetu, mbele ya kushuka, anavaa kofia ya chuma, na hakuna mwenye anasema kofia inaita jiwe.

SIKU YA SABINI NA TISA

Tulirudi Kipushi juma kumi na moja kisha ile siku ya malipo. Ilikuwa mangaribi. Binti mukubwa alikuwa na kaye mu mapaja, anahesabu kwa sauti ndogo. Mbele yao kunabakia siku 11. Mu mufuko kunabakia unga wa siku tisa. Likelemba inaanguka juma yenye kuja. Wataivuka.

Kijana alikuwa anasoma karibu na taa. Mutandio wa mama ulikuwa ku kamba, na mbabula ilikuwa inazimika. Tukamuuliza kama tumesahau kintu, kama kuna hesabu ingine anataka tuonyeshe wamama wengine mu gazeti.

Alifikiri kidogo.

« Bya unga, banamuke banajua. Bakifika mu magumu, batajua. Muandike paka ile ya bulletin. Muandike vizuri, na banaume basome. »